Mwendo wa Mama Bénite

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua imeingia leo saa nane mchana bila hata kupiga hodi. Nimevuta ndani ubao wa nje (Kuchapa, Fotokopi, Picha za Kitambulisho) na kumfukuza mbuzi wa jirani aliyetaka kuhamia dukani kwangu. Daftari hili ni la shule moja ya Lubero iliyoagiza mia ikachukua tisini na tisa. Nitaliandika mimi kabla panya hawajalitafuna.

Viganja bado vinawaka. Ijumaa tulikuwa na Maulidi na kina mama wakanisukumia tena lile dufu kubwa, maana nina miaka arobaini na sita na mpaka sasa hajatokea wa kunipokea. Baba ndiye aliyenifundisha, Mungu amrehemu. Alikuwa dereva wa lori, na mapigo alinihesabia kwa kugonga usukani.

Jumatano, 10 Septemba

Leo amekuja mtu na kinanda kilichofungwa kwenye blanketi, amekipakata nyuma ya pikipiki kama mgonjwa. Ana miaka sitini na kitu, koti limepigwa pasi, viatu vimejaa matope ya Butembo nzima. Nilimpa kiti. Kabla ya kukaa, alikiambia kiti, "Aksanti." Nikamwangalia vizuri.

"Mama, banasema kwako barua haitokake na kosa."

"Banasema kweli, Papa. Unataka barua ya nani?"

"Hapana barua. Nataka uniandikie muziki."

Anaitwa Eliezer. Kanisa lao liko pembeni mwa mji wa Beni, na watu wake walikimbia miaka sita iliyopita. Kwaya ilitawanyika: wengine Mutwanga, wengine Kamango, wengine hapa Butembo. Kila mmoja anakumbuka sauti yake tu. Zote nne, kuanzia soprano mpaka besi, ziko katika vidole vya huyu mzee, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapigia. Nyimbo ni tano, zote zilitungwa na mke wake, Mama Bénite, aliyefariki hapa Butembo miaka miwili iliyopita. Hakuna hata moja iliyoandikwa mahali.

Sasa kanisa linafunguliwa upya Jumapili ya tarehe 21 Desemba. Kamati imempa mpaka katikati ya Novemba awe na karatasi za kuwatumia waimbaji kule walipo. Akikosa, wataalika kwaya nyingine yenye nyimbo zake.

"Kama ile siku banaimba za bengine," alisema, "za Bénite zimeisha. Hakuna mutu atazitafuta tena."

Yeye hajui kusoma noti. Mimi sijui kusoma noti. Lakini ana waya aliotumiwa na ndugu yake kutoka Kampala, pamoja na flashi yenye programu.

"Ukifunga hii câble kwa ordinateur, mi napiga, yeye anaandika."

"Nani?"

"Ordinateur."

Nilicheka mbele yake, na sikujificha. Miaka kumi na tisa nimekaa na kompyuta na haijawahi kuniandikia hata tarehe. Lakini nimekubali. Mtu anayeshukuru kiti ni vigumu kumfukuza.

Ijumaa, 12 Septemba

Kompyuta haikioni kinanda. Nimezima, nimewasha, nimetukana kwa Kinande na kwa Kifaransa. Bado.

Jumanne, 16 Septemba

Imekubali! Tundu la waya lilikuwa na vumbi, basi. Papa Eliezer alibonyeza kitufe kimoja cha kinanda, na kwenye skrini nukta nyeusi ikaruka juu ya mistari, yenyewe, bila mimi kugusa kitu. Kisha akainama karibu na skrini akasema, "Aksanti, Mama Machine." Nimecheka mpaka mteja wa fotokopi akauliza kama tuko wazima.

Jumamosi, 20 Septemba

Aibu ya kwanza. Tulirekodi wimbo mmoja mfupi, kompyuta ikaupiga, nikamtumia sauti hiyo Furaha kule Kamango, aliyekuwa soprano wa kwanza wa kwaya yao. Alipiga simu kabla chai haijapoa.

"Mama Asma, munataka kuniuwa? Ile note ya juu inapita kichwa!"

Tumetafuta kosa asubuhi nzima. Kumbe Papa Eliezer hupiga kila wimbo kwenye vitufe vyeupe tu. Wimbo ukitakiwa kushuka, anabonyeza kitufe kidogo cha pembeni, na kinanda kinamshushia. Mashine yetu iliandika vidole, haikuandika sauti iliyosikika. Kila kitu kilikuwa juu kuliko kinavyoimbwa.

"Miaka makumi tatu natumikisha ile bouton," alisema, na macho yake yalikuwa chini.

Nilimwambia mimi miaka sita ya kwanza nilichapa kwa vidole viwili, na bado watu walisimama mstari. Programu ina amri ya kushusha wimbo mzima mara moja. Nimeushusha. Furaha amerudisha ujumbe: sasa anapumua.

Jumatano, 1 Oktoba

Mashine inataka mpigaji afuate mlio wake: tok, tok, tok, tok. Papa Eliezer hafuati. Anaanza nao vizuri, kisha katikati ya mstari anachelewa, mashine inamwacha, na karatasi inatoka imejaa vinukta na vikia vilivyofungana hovyo. Wimbo wa mistari minne umekula kurasa saba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua siku tatu. Paneli ya jua haina jua. Nimefuma nusu ya kofia.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo tumerudia wimbo mmoja mara kumi na moja, ule wa kuingilia kanisani, "Tungojane". Maneno nimeyachapa mwenyewe chini ya noti: Tungojane njiani, tungojane, tufike wote. Mara zote kumi na moja amechelewa palepale. Nilimwambia.

"Njo inaendaka vile, Mama," alinijibu kwa upole: ndivyo unavyokwenda.

Nadhani najua tatizo. Mke alikuwa anaimba, yeye anamfuata, na sasa kwa kuwa mke hayupo, hajui tena kushika mapigo. Ni jambo la huruma, lakini karatasi haiandikwi kwa huruma. Kamati inangoja. Alipoondoka alimshukuru hata mbuzi, aliyekuwa amempisha mlangoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimefanya kazi nzuri na ninaiandika hapa ili ikumbukwe. Papa Eliezer ana homa, hakuja. Nimekaa na kompyuta kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nikachukua nyimbo zake tatu zenye fujo na kuzinyoosha. Programu ina amri ya kunyoosha, na pale iliposhindwa, nilitumia panya wa kompyuta, noti moja moja. Nimeondoa kuchelewa kote. Kila pigo limekaa mahali pake, manne katika kila chumba (ndivyo ninavyoita nafasi kati ya vijistari vya wima). "Tungojane" sasa ni kurasa mbili safi. Imetoka kwenye printa bila hata doa.

Barua yenye kosa haitoki dukani kwangu, na wimbo pia hautatoka na kosa.

Jumatano, 22 Oktoba

Kasimu, mdogo wangu mwenye pikapu, alikuwa anapeleka chumvi Mutwanga. Nimempa bahasha ampe Josaphat, mwalimu wa shule aliyekuwa tenori katika kwaya yao na anayejua kusoma noti. Kamango nimetuma kwa simu. Papa Eliezer hajazisikia, bado anakohoa, lakini gari halingoji. Atafurahi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekaa muda mrefu na kalamu bila kuandika.

Papa Eliezer alikuja amepona, akaleta viazi vya Lubero kwenye mfuko, akakishukuru kiti chake. Wakati huohuo simu yangu ikalia. Alikuwa ni Josaphat wa Mutwanga, ametuma sauti. "Mama Asma, bonjour. Tumejifunza tatu. Batu banashika bien. Musikie." Nilifungua sauti mpaka mwisho ili Papa asikie na aone nilivyomfanyia. Nilikuwa natabasamu, hilo linaniuma kuliko yote.

Waliimba vizuri. Sauti nne, safi, na miguu yao chini ya sauti: kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Ni banani banaimba?" aliuliza.

"Ni chorale yenu, Papa! Ya Mutwanga. Ni 'Tungojane'."

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika, ila mikono aliiweka chini ya mapaja kama anaizuia.

"Mama, hii hapana wimbo yetu. Hii ni basoda banapita." Askari kwenye gwaride, ndivyo alivyosikia.

"Ulikuwa unachelewa, Papa. Nilitengeneza kidogo."

"Ulitengeneza."

"Kosa ilikuwa pale pale kila mara. Nikaiondoa."

"Kosa ya Bénite?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Mungu anajua nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikamjibu, "Mi sijui Bénite, Papa. Mi najua tu kuhesabu moja mpaka ine."

Alisimama. Alikifunga kinanda katika blanketi, taratibu, akakunja na waya. Akatoka kwenye mvua. Hakuniambia aksanti. Hakuishukuru mashine, wala kiti. Viazi viko hapa mezani, na sijui nivifanye nini.

Jumamosi, 1 Novemba

Hajaja.

Jumatatu, 3 Novemba

Hajaja. Simu imezimwa. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi nichape, ameandika "tafadhali" mara tatu katika mstari mmoja. Nilikwisha kufuta mbili, mkono ukasimama. Nikamuuliza, "Uliandika tatu kwa kusudi?" Akasema ndiyo, ni mara ya tatu anawaandikia. Nikazirudisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku tisa zimebaki. Nimesikiliza tena rekodi za kwanza, zile zenye fujo, ambazo kwa bahati sikuzifuta. Nimesikiliza zote kumi na moja za "Tungojane". Mtu asiyejua kushika mapigo huchelewa hapa, kesho pale. Huyu anachelewa palepale na kwa urefu uleule, mara kumi na moja. Hilo si kuchelewa. Mimi mwana wa dereva aliyegonga usukani, nimelisikia leo.

Nimempigia Gamaliel, mpwa wake anayekaa naye. "Tonton iko Beni," alisema. "Anapaka kanisa rangi." Nimemwomba Kasimu anipeleke keshokutwa.

Jumamosi, 8 Novemba. Beni

Tulitoka Butembo kumepambazuka, maana Kasimu hapendi kurudi na giza. Njiani hakuacha kunitania. "Yaya, weye mutu wa dufu, unaenda kulilia mutu wa kanisa?" Nilimwambia aangalie barabara. Chini huku ni joto, na mvua ilikuwa imepumzika.

Kanisa lina bati jipya na kuta mbichi. Papa Eliezer alikuwa juu ya ngazi, na suruali yake ilikuwa na rangi ya bluu mpaka magotini. Aliponiona alishuka. Sikungoja salamu ziishe.

"Papa, nimekuya kuomba radhi. Nilipashwa kuuliza mbele. Sikuuliza."

"Ulitoka Butembo ju ya ile?"

"Ju ya ile tu."

Aliniangalia kidogo, akaifuta mikono. "Mama, kuya uone."

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akiangalia ndani, kule mbele. Kisha akaanza kutembea katikati ya mabenchi. Hakutembea mwendo wake. Mguu wa kushoto aliuburuta, taratibu, ukachora njia ndefu kwenye vumbi la saruji, halafu wa kulia ukaja haraka. Akaburuta tena, wa kulia ukaja haraka. Akafika mbele, akageuka.

"Hivi njo Bénite alitembeaka. Polio, tangu mutoto."

Kisha akakaa kwenye benchi akanieleza, na nitaandika jinsi alivyosema. Kwaya yao huingia kutoka nje ikiimba, mistari miwili, na Mama Bénite alikuwa anatangulia. Waliomfuata walimkanyaga visigino. Siku moja mwinjilisti mmoja alimwambia mbele ya watu: "Mama, weye ukae kwanza ku benchi, bengine njo baingie. Unaharibisha mustari."

"Hakujibu," alisema Papa Eliezer. "Alirudi nyumbani, akatunga wimbo. Ile wimbo, ukitembea sawa sawa, unaanguka. Unapashwa kutembea sawa yeye. Jumapili yenye ilifuata, chorale nzima ilichechemea mpaka mbele." Akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika. "Na mwinjilisti nyuma yabo. Na yeye alichechemea!"

Tangu hapo alizitunga zote tano hivyohivyo. Hakuna aliyemkanyaga kisigino tena.

Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Maneno nimeyachapa mimi mwenyewe, herufi kwa herufi: Tungojane njiani, tungojane, tufike wote. Niliyachapa bila kosa na sikuyasikia. Nilimnyoosha mguu marehemu wa watu bila ruhusa yake, kisha nikauita kazi nzuri.

"Rudia, Papa. Tembea tena."

Akarudi mlangoni. Safari hii viganja vyangu vilianza vyenyewe kugonga benchi. Mguu wa kushoto unaburutwa: moja, mbili, tatu. Wa kulia unakuja: moja, mbili. Tatu na mbili, tatu na mbili. Nikagonga mpaka alipofika, na hakuchelewa hata mahali pamoja. Hakuwahi kuchelewa.

"Papa, ni tano!" nilipiga kelele, na Kasimu akaja mbio kutoka nje akidhani nimeanguka. "Bénite anahesabu tano! Mi nilikuwa namuhesabia ine!"

Papa Eliezer hakujua hata siku moja kwamba ni tano. Hakuhesabu, alisikiliza hatua zake tu zikitoka mlangoni. Aliniambia, "Aksanti, Mama." Kisha akaliambia benchi aksanti, na hapo nikalia kweli.

Tumerudi wote watatu, kinanda katikati yetu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda mahali pa mapigo kwenye programu, nikafuta nne, nikaandika tano. Programu ilifikiri kidogo, na rekodi ya kwanza kabisa ya "Tungojane", ile ya fujo, ikajipanga mbele ya macho yetu. Vikia vingi vilitoweka. Kurasa saba zikawa tatu. Haikunyooka yote, lakini sasa inasomeka. Mashine haikuwa na kosa, na Papa Eliezer hakuwa na kosa. Waliohesabu vibaya tulikuwa wawili hapa dukani: mlio wa tok tok, na mimi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimegundua kwamba programu ina njia nyingine ya kurekodi. Mlio unazimwa. Mpigaji anapiga, na mtu wa pili anabonyeza kitufe kimoja kila pigo linapofika, na mashine inamngoja huyo wa pili. Tumejaribu. Papa Eliezer kwenye kinanda, mimi pembeni na kidole kwenye kitufe, macho nimeyafumba. Mara ya kwanza nilikimbia. Mara ya pili niliacha kumsikiliza yeye, nikamsikiliza mama anayetembea kutoka mlangoni na mguu wake wa kushoto. Hapo kidole kilijua kazi yake.

Tulipomaliza nilirudisha mwanzo, kompyuta ikatupigia wimbo wote yenyewe, sauti nne. Papa Eliezer alivua kofia.

"Anaingia," alisema.

Nilimshukuru Mungu, kisha baba yangu na ule usukani wake.

Ijumaa, 14 Novemba

Zimekamilika tano. Nimerudi kutoka sala ya Ijumaa nimemkuta Papa Eliezer ananingoja mlangoni na mbuzi, wote wawili wamelowa. Printa ilikwama mara mbili. Aliisemesha, ikatoa. Sibishani tena.

Jumamosi, 15 Novemba

Kamati imezipokea. Mwenyekiti hakujua kusoma noti lakini alihesabu kurasa na kuridhika. Hakuna kwaya itakayoalikwa.

Nimempigia Furaha afute zile za kwanza, kisha Josaphat achane za kwake. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alisema, "Mama, tulisikia haiko sawa. Lakini ilitoka ku machine, iko safi, tukasema labda siye njo tulisahau." Hilo limenikaa rohoni. Watu wazima kumi na wanne walikuwa tayari kuikana miguu yao kwa sababu karatasi yangu haikuwa na doa. Nimemwomba radhi kwa simu, kisha nikamwambia awape wengine simu, nikawaomba mmoja mmoja.

Jumamosi, 29 Novemba

Wateja wengi, matangazo ya arusi. Papa Eliezer amepita kusalimu tu. Bila kinanda anaonekana mfupi.

Jumamosi, 6 Desemba

Furaha ametuma sauti kutoka Kamango. Wameongeza watoto, maana watu wazima hawatoshi. Kuna mtoto mmoja anacheka katikati ya mstari, na Furaha anamkemea bila kuacha kuimba. Nimesikiliza mara nne. Miguu yao chini ya sauti: tatu na mbili.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimepiga pasi kitenge cha kijani na mtandio wake. Kasimu anauliza kama kanisani watatupa wali. Nimemwambia hilo ndilo swali pekee la maana alilouliza mwaka huu.

Jumapili, 21 Desemba. Beni

Ninaandika ndani ya pikapu, Kasimu anatafuta chai ya moto kwa ajili ya safari, na wali walitupa.

Nilikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na kikongwe mmoja asiyeona vizuri aliyenishika mkono bila kuniuliza mimi ni nani. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Papa Eliezer alikuwa mbele kwenye kinanda, koti lilelile, mgongo kwa watu. Kutoka pale alipo hauoni mlango. Aliniambia hata zamani hakuwa anamwona mkewe akiingia. Alimsikia.

Alianza kupiga. Nje wakaitikia.

Waliingia mistari miwili, wa Mutwanga, wa Kamango na wa Butembo wamechanganyika, karatasi zangu mikononi. Mbele yao waliacha nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeijaza. Josaphat alikuwa na machozi mpaka kidevuni na hakukosa noti. Na wote, kila mmoja, mguu wa kushoto ukiburutwa, moja mbili tatu, wa kulia ukija, moja mbili.

Nyuma ya Furaha kulikuwa na binti yake. Ana miaka mitano, alizaliwa Kamango baada ya watu kukimbia. Mama Bénite hakuwahi kumshika, wala yeye hakuwahi kumwona akitembea. Alikuwa ameukunja uso kwa bidii na anauburuta mguu wake mdogo, na kiatu chake kinalia kwenye saruji, na alikuwa palepale pa wimbo, hakuwahi, hakuchelewa. Alijifunza kwa wakubwa wenye karatasi. Hakuna aliyempita, na yeye hakumkanyaga mtu kisigino.

Kikongwe alinibana mkono. Alikuwa hatazami chochote, ameinamisha kichwa upande wa mlango.

"Bénite njo anaingia," aliniambia, kama mtu anayemwarifu mgeni. "Weye hukumujua?"

"Namujua, Koko," nilimjibu. "Namujua muzuri."

Papa Eliezer alipofika mwisho wa wimbo hakuondoa mikono haraka. Aliigeukia kwaya, akaona ile nafasi iliyoachwa mbele, akaiangalia kwa muda. Kisha akasema, na kanisa lote likasikia, "Aksanti, Mama."

Sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu. Nilisema aksanti na mimi, na chini ya benchi mguu wangu wa kushoto ulikuwa bado unatembea.